Siku Magari ya Kale Yaliponyeshewa

Shangazi yangu alikuwa na Ford Anglia ya mwaka 1957, ile aina ya 100E yenye milango miwili, na waipa zake zilikuwa zinaendeshwa kwa upepo. Nasema upepo kwa sababu ndivyo alivyosema yeye. Ukweli ni kwamba injini inapovuta hewa kupitia kabureta, kuna mpira mwembamba unaoiba sehemu ya mvuto ule na kuupeleka kwenye mtambo mdogo unaozungusha waipa. Umeme hauhusiki kabisa. Ukiachia mafuta, mvuto unaongezeka na waipa zinakwenda mbio. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto unapotea, nazo zinasimama katikati ya kioo wakati ndio unataka kuona. Habari hizo nilizisikia mara nyingi, lakini gari lenyewe lilikuwa halitolewi kwenye mvua, kwa hiyo kwangu zilibaki hadithi mpaka siku ya mkutano wa wenye magari ya kale. Nilikuwa na miaka 17.

Mvua ilianza alfajiri. Haikuwa ile ya radi na kishindo ambayo ikishapita imepita, ila ile iliyotulia, inayonyesha kama kibarua aliyelipwa kwa siku. Saa moja asubuhi simu zikaanza kuingia. Mwenye Jaguar haji. Mwenye Mercedes naye haji, anasema kromu yake imetoka kupakwa upya. Watu wale walijuana kwa magari kuliko kwa majina: kulikuwa na Mzee Peugeot, Mama Beetle, Bwana Citroën, na hadi leo baadhi yao sijui waliitwa nani nyumbani kwao. Shangazi alikuwa Mama Anglia. Alipokea simu zote kwa upole, akawapa pole wote, kisha akachukua funguo.

"Shangazi, tunakwenda kweli?"

"Gari hili limetengenezwa Uingereza," akasema. "Unadhani kule walilitengenezea jua?"

Safari yenyewe haikuwa ndefu, lakini barabara ilikuwa na milima. Injini ya Anglia ile ina ukubwa wa sentimita za ujazo 1172 na nguvu za farasi 36, basi ukifika mlimani huna akiba ya kuchezea. Unakanyaga mpaka chini. Na ukikanyaga mpaka chini, waipa kimya. Shangazi alikuwa na namna yake: anapanda kidogo, anaachia mafuta kwa kitambo kifupi, waipa zinafagia mara moja, anasoma barabara yote iliyo mbele kwa jicho moja la haraka, halafu anakanyaga tena na kwenda kwa alichokikumbuka. Gia zilikuwa tatu tu, na namba moja haikubali kuingia gari likiwa kwenye mwendo, kwa hiyo hakutaka kabisa kusimama. Kazi yangu ilikuwa kufuta ukungu ndani ya kioo kwa kitambaa, maana hita enzi hizo iliuzwa kando, na mnunuzi wa kwanza wa gari lile alikuwa mtu wa kubana matumizi. Kila tulipovuka dimbwi, shangazi aligusa breki kidogo huku tukiendelea kwenda. Breki za ngoma zikiingia maji hazishiki, zinateleza tu, mpaka uzikaushe kwa joto la msuguano. Alifanya hivyo bila kukatisha mazungumzo.

Tulipomaliza mlima wa pili tukaikuta Mini nyekundu imesimama pembeni, boneti imefungwa, kijana amekaa ndani amejikunyata. Shangazi akaegesha mbele yake kwenye mteremko, ili asihangaike kuondoka. Tukashuka na mwavuli mmoja.

"Shikamoo mama," kijana akasema akiteremsha kioo.

"Marahaba. Fungua boneti."

"Ilianza kumisi, mama, halafu ikazima. Nimepiga stata mpaka betri inalalamika."

"Acha kupiga stata. Fungua boneti."

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu ndipo nilipoanza kuyapenda magari haya kwa ndani, si kwa rangi zake. Alec Issigonis, aliyebuni Mini iliyotoka mwaka 1959, aliiweka injini kwa upana wa gari ili abiria wapate nafasi. Katika magari ya majaribio, kabureta ndiyo iliyotazama mbele. Kabla Mini haijaingia sokoni injini ikageuzwa, kabureta ikaenda nyuma, na distributa, kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche, ikabaki upande wa mbele, nyuma tu ya grili. Maana yake, kila tone linalopita kwenye grili linakaribishwa na kile kifaa ambacho kuliko vyote hakitaki maji. Cheche ikipata unyevu haifiki kwenye plagi. Inatambaa juu ya kofia ya distributa na kupotelea kwenye bodi. Gari zuri, lililofikiriwa vizuri sana, linazimwa na dimbwi. Wenye Mini watanikasirikia, lakini wao wenyewe wanajua.

Shangazi akafungua vishikizo viwili, akatoa kofia, akaigeuza. Maji yalikuwa ndani. Akaifuta kwa leso yake, akafuta rota, akapuliza platini, akafuta waya moja moja mpaka kwenye plagi. Mimi nilishika mwavuli juu ya injini. Sisi watatu tulinyeshewa. Kijana alikuwa na mkebe wa WD-40, dawa iliyobuniwa mwaka 1953 kwa kazi hiyo hiyo ya kufukuza maji, ila alikuwa ameuacha gereji ili buti lionekane safi mbele ya majaji. Shangazi hakusema neno. Akaniambia, "Nenda kwenye buti langu, kuna glavu za kuoshea vyombo na mkasi. Leta."

Alizitumia glavu zile akiosha vifaa vyenye grisi. Akachukua moja, akakata ncha za vidole vyote, na hapo nikaona kitu ambacho bado kinanifurahisha. Kofia ya distributa ya injini ya silinda nne ina waya tano: nne za plagi na moja ya koili inayotoa umeme wa cheche. Glavu ina vidole vitano. Akachomoa waya ya kwanza, akaipitisha kwenye kidole gumba, akairudisha mahali pake. Akachomoa ya pili. Alifanya moja baada ya nyingine ili zisichanganyikane, na bado akawa anahesabu kwa sauti mpangilio wa kuwaka wa silinda za injini ile, "moja, tatu, nne, mbili," akamtaka kijana naye ahesabu. Mwisho, kiganja cha glavu kikaifunika kofia yote, akakaza kwa uzi chini. Injini ya Mini ikawa inatutazama kwa mkono wa njano.

"Piga."

Ikazunguka kivivu, ikakohoa, ikawaka. Kijana akaanza kushukuru, shangazi akamkatiza, "Usizime mpaka tufike. Nifuate."

Uwanja wa mkutano ulikuwa nyasi zilizogeuka tope. Yalikuja magari machache tu, na nadhani uchache huo ndio ulioifanya siku. Mikutano mingine niliyohudhuria baadaye, jua likiwaka, watu husimama mbele ya magari yao wakitaja miaka na rangi za asili, na ukigusa mlango unaangaliwa vibaya. Siku ile kila boneti ilikuwa wazi, kila mtu anafuta kitu. Bwana Citroën alifika na DS yake, akakuta njia ya kuingia uwanjani imekatwa na mfereji wa maji. Akavuta wenzo ulio ndani, gari zima likajiinua taratibu juu ya magurudumu yake, likavuka bila kulowesha bampa, halafu likashuka. Watu wakapiga makofi. DS, yenye mfumo ule wa mafuta na gesi mahali pa springi, ilitoka mwaka 1955, na siku ya kwanza ya maonyesho ya Paris gari lile liliagizwa na watu 12,000; nilipoliona likivuka mfereji nilielewa wateja wale.

Kulikuwa na Morris Minor Traveller, ile yenye fremu ya mbao nyuma. Mbao zile si pambo, ndizo zinazobeba sehemu ya nyuma ya gari, na mwenyewe alikuwa akipita na kitambaa kwenye kila kiungo, maana maji yakikaa pale mbao zinaoza na gari linashindwa ukaguzi. Mama Beetle alikuwa akijisifu kwamba maji ya kuoshea kioo kwenye gari lake yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba. Mtu akamwambia leo ndiyo siku pekee ambayo kifaa hicho hakina kazi.

Mzee Peugeot alikuwa na 404, na mvua ikamfungulia kinywa. Alitusimulia Safari Rally ya mwaka 1963, mvua ilivyomeza njia, magari 7 tu yakamaliza, na 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff ikiwa ya kwanza. Mwaka 1968 tena, mvua tena, 7 tena yakamaliza, na wawili hao hao wakashinda na 404. Alisimulia huku ameegemea mlango wa gari lake, amelowa mpaka mifupani, na kijana wa Mini akasahau kabisa kwamba alikuwa amenuna.

Majaji walikuwa wawili, na karatasi zao za alama zililowa mpaka wino ukaanza kutembea. Walihukumu kwa vigezo vile vile vya siku ya jua: rangi, kromu, zulia, uhalisia wa vifaa. Walipofika kwa Mini wakaikuta ile glavu. Mmoja akauliza kama ni kifaa cha asili. Shangazi akamjibu kwamba mpira ni wa asili, unatoka kwenye mti.

Gari lililoshinda liliwasili juu ya trela likiwa limefunikwa turubai, likafunuliwa dakika chache chini ya hema, likafunikwa tena. Lilikuwa zuri, sitalisema vibaya. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, linataka gari liwe na angalau miaka 30 na litunzwe katika hali sahihi ya kihistoria, na lile lilitimiza yote. Lakini sikumsikia mwenye gari lile akizungumza na mtu yeyote zaidi ya majaji. Nililitazama kwa muda nikakosa swali la kumuuliza, wakati kwa Mzee Peugeot nilikuwa nayo mengi mpaka akachoka.

Kuondoka ndiko kulikokuwa na kazi. Magari yenye injini mbele na magurudumu ya kuvuta nyuma yalizungusha matairi mahali pamoja yakichimba mashimo. Beetle ikatoka yenyewe, uzito wa injini ukiwa juu ya magurudumu yale yale yanayosukuma, na Mama Beetle hakukosa kupiga honi. Sisi wengine tulisukumana. Aliyesukumwa akishafika kwenye lami anaegesha, anarudi kusukuma mwenzake, hata bwana wa Citroën akiwa na viatu vya kutembelea wageni. Anglia ilipotoka, tairi la nyuma lilinimwagia tope kuanzia kifuani mpaka nyusi, na shangazi alicheka mpaka akaegemea usukani.

Kesho yake tulishinda tunaikausha. Tulitoa mazulia, tukachokoa kwa waya matundu yaliyo chini ya milango, yale ya kutolea maji, na kila tundu lilitapika maji ya kahawia. Shangazi alinifundisha kwamba kutu ya gari la kale huanzia pale, ndani, ambapo kitambaa cha kung'arishia hakifiki. Kisha tukaliwasha na kulizungusha barabarani mpaka breki zikashika sawa pande zote.

Siku chache baadaye kijana wa Mini akaja. Alikuwa amenunua kifuniko cha plastiki kinachouzwa kwa kazi ile ile, sasa anarudisha glavu, ameiosha na kuikunja vizuri. Shangazi akaifungua, akaiangalia vidole.

"Sasa mwanangu, hii nitaoshea nini?"

Kijana alikuwa amejiandaa. Akatoa jozi mpya mfukoni. Shangazi akaipokea, akamshukuru, akatoa glavu moja kwenye pakiti, akaniambia nilete mkasi.