Saundi kadi imekubali bila draiva

Imekubali jamani! Nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ya Waluo, inaingia kwa saundi kadi (kifaa cha kuingiza sauti kwa laptopi) laini mbili, maiki moja kwa nyuzi na ingine huko chini oduong'o, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, inakogonga mbao, na hakuna draiva, yaani programu ya kampuni ya kuunganisha kadi na laptopi, hapo katikati.

Nilihamia macOS mpya, mfumo wa kompyuta za Apple, juu programu ya kusafisha kelele ilikataa kufunguka kwa ile ya zamani, na tangu hapo saundi kadi taa inawaka lakini laptopi haiioni kabisa. Kampuni iliyoitengeneza inasema tu inashughulikia, wiki zinapita ni yale yale, na hiyo ndio inaniuma, kwa sababu beta ya macOS hutoka Juni kila mwaka na toleo kamili huja Septemba hivi au baadaye kidogo, sasa hiyo miezi yote mtu anafanya nini? Na si habari ya jana, tangu Catalina, macOS ya 2019, Apple ilishawaambia kexti, zile draiva zinazoingia ndani kabisa ya mfumo, zinaondolewa wahamie njia mpya ya DriverKit. Kwa mashine za chipu ya Apple, M1 kwenda juu, hata ukitaka kuilazimisha kexti lazima uwashe mashine kwa rikavari, ile hali ya kuitengeneza, upunguze ulinzi wa mashine nzima. Laptopi yenye kazi za watu siwezi kuifanyia hivyo.

Dawa imekuwa kile kiswichi cha nyuma ya kadi cha klasi komplayenti, yaani kufanya kazi bila draiva, kile cha kutumia na iPad. Ukikibonyeza kadi inaongea USB ya kawaida na Core Audio, sehemu ya sauti ya macOS, inaipokea yenyewe. Miksa ya ndani ya kadi imeenda, kwa hivyo mchezaji anajisikia kupitia laptopi, bafa (sauti inayokusanywa kabla ya kupitishwa) ya sampuli 128 kwa 48 kHz, hiyo peke yake ni kuchelewa karibu milisekunde 2.7, na mzee mwenye nyatiti amepiga na gara, njuga zake, mguuni bila kulalamika hata mara moja.

REAPER, programu ninayorekodia, nayo wacha niipe heshima yake. Leseni dola 60, faili dogo halimalizi bando, na huu uhamisho wote haikutikisika.

Leo ilikuwa niketi nimiksi wimbo wa kwanza lakini nimeuweka kando, kwa sababu kama kadi haitaki draiva basi hata simu ya Android inaweza kuishika, saundi ya USB iko huko tangu Android 5.0, na umeme wa kadi utatoka kwa pawabenki. Yaani naweza kurekodi Dunga, huko ufukweni mwa ziwa hapa Kisumu, nje kabisa, niachane na kelele za mabati ya mtaa wa Nyalenda mvua ikinyesha! Kesho napita Kondele kutafuta waya wa OTG, ule wa kuunganisha kadi na simu, usiolegea.