Kioo cha pikipiki hupasukia kwenye tundu

Ukitoka Dodoma kwenda Bahi na Manyoni wakati wa kiangazi, pikipiki isiyo na kioo cha mbele inakupa upepo wote kifuani. Ndiyo maana wengi wanaongeza kioo kwenye Boxer au TVS, au wanaweka kirefu kuliko kilichopo. Kazi hiyo inafanyika uani kwa siku moja. Kinachoiharibu mara nyingi ni matundu.

Anza na plastiki ya kioo yenyewe, ambayo huwa akriliki au polikaboneti. Akriliki haikwaruziki haraka, lakini ikipigwa na kokoto inavunjika vipande vyenye ncha. Polikaboneti inakwaruzika upesi, ila inapinda bila kuvunjika. Omba dukani kipande kilichobaki ukikunje kwa koleo: kikikatika kwa mlio, hiyo ni akriliki. Kwa barabara zenye malori na kokoto chukua polikaboneti ya milimita 3. Ya milimita 2 inapepea spidi ikipanda.

Usikate kabla ya kupima kwa kipande cha boksi chenye umbo la kioo. Kifunge kwa tepu pikipiki ikiwa imesimama, vaa helmeti, kaa kama unavyokaa safarini. Ukingo wa juu uishie usawa wa pua au chini kidogo, ili macho yapite juu yake. Kioo kirefu kinachokulazimu kutazama barabara kupitia ndani yake ni kosa kubwa huku kwetu: jioni ukielekea Singida jua liko usoni, na ile mikwaruzo ya vumbi inawaka yote kwa pamoja mpaka barabara huioni. Tena kioo kirefu kilichofungwa kwenye usukani ni tanga. Upepo wa ubavuni, au lori linalokupita, unakugeuzia usukani.

Kukata ni rahisi. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, tumia msumeno wa meno madogo, nenda taratibu. Ukiukimbiza, plastiki inayeyuka na kuganda tena nyuma ya msumeno. Piga ukingo msasa namba 180, kisha 400 kwa maji. Si kwa ajili ya urembo: kila mkato mdogo uliobaki ukingoni ni mwanzo wa ufa.

Sasa matundu. Kwa bolti ya milimita 5, toboa tundu la milimita 8. Fundi atakuambia ni kubwa mno, mkatalie. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma: kioo chenye upana wa sentimita 40, kikitoka kwenye nyuzi 15 za asubuhi ya Julai hadi nyuzi 55 juani, kinaongezeka zaidi ya milimita 1. Kikibanwa na bolti kinakosa pa kwenda, kinapasuka. Tundu liwe angalau sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Weka ubao chini yake, anza na keekee ya milimita 3 ndipo upanue. Keekee kali ya chuma huiuma plastiki ghafla inapokaribia kutokea upande wa pili, na hapo ndipo nyufa nyingi huzaliwa. Isugue ncha kidogo kwenye jiwe la kunolea ili ikwangue badala ya kuuma.

Nafasi iliyobaki kwenye tundu ijaze kwa kipira laini, kisha weka mpira na washa pana ya bolti kila upande. Tumia nati yenye nailoni ndani. Kaza mpaka mpira uanze kufura, hapo acha. Usitie gundi ya kukazia nati, maana polikaboneti ikiguswa nayo hupasuka nyufa ndogondogo kuzunguka tundu. Petroli na tina nazo zikae mbali.

Acha uwazi wa sentimita 2 au 3 chini ya kioo, juu ya taa. Hewa ikipita hapo, kile kivutano cha nyuma ya kioo kinachotikisa helmeti kinapungua. Helmeti ikiendelea kutikisika, laza kioo nyuma kidogo kabla ya kufikiria kukirefusha.

Kabla ya kuingia barabarani zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama waya za klachi na breki hazikwami popote. Ukirudi safarini usikifute kioo kikavu, kwa kuwa vumbi letu lina mchanga ndani yake. Kimwagie maji, subiri dakika chache, ndipo upitishe kitambaa laini chenye sabuni.