Kuchechemea

Juzi usiku binti yangu alikuwa mezani na daftari lake la Kiswahili, akitunga sentensi kwa maneno kumi aliyopewa na mwalimu, nami nilikuwa nimeketi upande wa pili nikimsaidia pale aliponiita. Alipofika kwenye neno la saba, chechemea, hakuniita. Aliandika upesi, bila kusita: "Uchumi unachechemea." Nilipomuuliza kuchechemea ni kufanya nini hasa, alifikiri kidogo akajibu kwamba ni kutokuwa na pesa.

"Na mtu je, anaweza kuchechemea?"

"Akiwa hana pesa, Mama," alisema.

Sikumlaumu. Neno hilo amelisikia katika taarifa za habari, ambako siku hizi huchechemea uchumi, huchechemea timu iliyofungwa mara tatu mfululizo, huchechemea mazungumzo ya amani na miradi iliyoishiwa fedha, na ni nadra kusikia habari ya mguu. Matumizi hayo ni mazuri, nami huyatumia, kwa kuwa yanasema jambo ambalo kukwama na kuanguka hayawezi kulisema: kwamba kitu kinaumwa lakini bado kinakwenda. Ila niliona si haki mtoto aujue uchumi kabla ya kuujua mguu, kwa hiyo nikasimama ili nimwonyeshe.

Nilidhani nitaigiza tu. Nilitanguliza mguu wa kulia, nikaugusisha wa kushoto chini na kuutoa haraka, kiwiliwili kikalalia kushoto kisha kikarudi, mkono wa kulia ukashuka kutafuta mkongojo ambao haukuwapo, na kufikia hatua ya tatu nilikwisha kumtambua aliyekuwa akitembea sebuleni mwangu. Nikakaa. Binti yangu alidhani nimeumia.

Alikuwa Baba, ambaye aliumia nyonga ya kushoto alipoanguka kwenye ngazi. Jioni ninayoikumbuka ilikuwa miaka miwili hivi baada ya kuanguka kwake, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi hatua chache nyuma upande wa kushoto. Jua lilikuwa limeshuka nyuma yetu, na vivuli vyetu vilitutangulia njiani, virefu na vyembamba, kichwa cha kivuli changu kikiishia usawa wa goti la kivuli chake. Siku zile nilikuwa nimejifunza kumwigiza mbele ya wenzangu shuleni, wakacheka, nami nikapenda kuchekewa. Jioni ile hapakuwa na mtu wa kucheka. Kwa nini nilimwigiza, sijui hata leo. Niliuburura mguu wa kushoto, nikaukandamiza chini kwa muda mrefu, nikauyumbisha mwili huku na huku, na katika mkono wa kushoto nikashika mkongojo wa kufikirika.

Baba akasimama. Mimi sikuwahi kusimama, na hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho: kivuli chake kimetulia kabisa, na pembeni yake kivuli kidogo kinamalizia hatua moja zaidi, kikiyumba, kisha nacho kinatulia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba muda wote ule alikuwa akitazama mahali nilipokuwa nikitazama mimi.

Hakugeuka mara moja. Kwake yeye kugeuka hakukuwa jambo la tendo moja; alikuwa hana budi kuukita mkongojo, kuuhamisha mguu wa kulia nusu hatua, kuuvuta wa kushoto, kisha kuanza tena, mpaka amalize duara. Alifanya hivyo taratibu, nami nikasubiri kofi.

"Umekosea," alisema.

Sikujibu.

"Mguu unaouma haukai chini. Unaugusisha tu, unautoa, unaukimbilia ule mzima. Wewe umeukandamiza kana kwamba ndio wenye nguvu. Na mkongojo haushikwi upande wa maumivu. Ukiumwa kushoto, ushike kulia, uende mbele pamoja na mguu mbovu, igawane uzito."

Kisha akanipa mkongojo wake. Yeye akabaki ameegemea bega langu, na huo ulikuwa uzito ambao sikuwa nimeubeba kabla ya siku ile. Mpini ulikuwa na joto la kiganja chake, umelowa jasho, na ulinifika kifuani, kwa hiyo ilinibidi niinue kiwiko ili niushike sawasawa. Alinisindikiza hatua nne, akasema "tena," tukaenda nyingine nne. Nilipopatia, nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia nyuma ya mgongo wake kwa miaka miwili yote: kwamba hatua zake hazikuwa ovyo, zilikuwa na hesabu. Mkongojo na mguu mbovu vilitua pamoja, kwa upesi, kisha mguu mzima ukatua na kukaa. Kila hatua ilikuwa imeamuliwa.

"Hiyo inaitwaje?" aliniuliza.

Nikamjibu kwa neno lililotumika shuleni. "Kiguru."

"Kiguru ni mtu. Nimekuuliza unafanya nini."

Ilinichukua muda kulipata. "Ninachechemea, Baba."

"Haya. Mimi pia ninachechemea."

Hakusema zaidi ya hapo, na sehemu kubwa ya yale niliyoyajenga juu ya maneno yake ni yangu mwenyewe. Nimekuwa nikiyafikiria maneno kama kiguru, kiwete, kilema, kipofu na kiziwi, ambayo lugha yetu imeyavisha kiambishi kilekile cha kiti na kisu, ingawa sarufi inayarudishia utu kwenye kitenzi, maana twasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Siku hizi wengi huchagua kusema mtu mwenye ulemavu au mtu asiyeona, nami nakubaliana nao. Lakini Baba hakuwa akibishania adabu ya maneno. Alikuwa akitenganisha jina na kitendo. Jina humganda mtu alale, aamke, awe ameketi au amesimama. Kitenzi humhusu anapotembea tu, na kinakubali wakati. Ninachechemea, nilichechemea, sitachechemea.

Ndipo ninapokwama kila mara, kwa sababu Baba hakupata kamwe kuisema ile ya tatu. Alichechemea miaka yote iliyobaki. Je, kitendo kisichokoma kina tofauti gani na jina? Nikiwa na nguvu hujijibu kwamba tofauti ipo, kwa kuwa aliyeketi hachechemei, na Baba alikuwa na saa nyingi za kuketi, kusoma, kuzozana na kucheka. Kuna siku nyingine jibu hilo huniponyoka.

Kiswahili hakikuwa na uhaba wa maneno kwa ajili yake. Wapo wanaosema kuchopea au kwenda chopi, wapo wanaosema kuguchia, na yote yanagusa mguu ulio na kasoro au maumivu. Hayo si kupepesuka wala kusepetuka, ambako kosa si la mguu bali la mizani ya mwili, kama mlevi au mtu anayetaka kuzimia. Na si kutagaa, ambako miguu yote miwili ni mizima ila imeachana. Hata hivyo kuchechemea ndilo neno ninalolipenda, na sehemu ya upendo huo ni sauti yake. Lisemeni polepole: che, che, kisha sauti inaegemea me, halafu a inaachiwa. Najua kwamba karibu maneno yote ya Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hili halina upendeleo wowote. Lakini mimi nimelitembea neno hilo nikiwa na mkongojo mkononi, na kila nikilitamka nasikia vitu viwili vinavyogusa chini kwa haraka, na kimoja kinachobeba uzito.

Baada ya somo lile Baba alichukua mkongojo wake. Nilitaka kurudi nyuma yake, mahali pangu pa siku zote, lakini alinizuia kwa mkono.

"Tangulia," alisema.

Tangu jioni ile, kila tulipotoka pamoja, alinitanguliza. Nilitembea mbele nikiwa nimekaza shingo, nikimsikiliza nyuma yangu, nikipunguza mwendo kila sauti ya mkongojo ilipofifia. Nikiwa mtoto nilidhani ni heshima amenipa, kama mwanafunzi aliyefuzu. Nilipokua, nikaanza kuhofu kwamba hakutaka tena nimtazame mgongoni, na kwamba yale maelezo yote ya mguu na mkongojo yalikuwa njia yake ya kulificha jeraha nililomtia. Nilipata miaka mingi ya kumuuliza. Sikumuuliza, na sasa hayupo.

Haya yote sikumwambia binti yangu juzi. Nilimwambia tu kwamba babu yake alikuwa na nyonga mbovu, nikasimama tena na kumwonyesha mwendo ule tangu mwanzo, safari hii mpaka mlangoni na kurudi. Alinitazama miguu kwa makini. Kisha akachukua kifutio, akaufuta uchumi wake, akaandika: "Babu alichechemea."

Akasita, kalamu ikiwa hewani. Mwalimu, alinieleza, hakubali sentensi ya maneno mawili.

"Alichechemea mpaka wapi?" aliuliza.

"Mpaka nyumbani," nikamwambia, naye akaandika hivyo.