Picha nyumbani: anzia ukuta wa kaskazini

Mwislamu anayeswali Kisumu huelekea Makka, yaani kaskazini akiegemea mashariki kidogo, takriban nyuzi 13. Nakuru ni kama 9. Basi kazi ya kuondoa nyumbani picha za viumbe wenye roho, ambazo dini yetu inakataza kuzitundika, ianzie ukuta huo wa kaskazini. Picha iliyo mbele ya mwenye kuswali ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa humfananisha na anayeisujudia, hata kama moyoni hana habari nayo.

Wengi hushughulikia vinyago wakamsahau marehemu. Huku kwetu picha kubwa ya babu iliyotumika mazishini hurudi nyumbani, ikatiwa fremu, ikavishwa maua ya plastiki na kutundikwa sebuleni. Hatari iko hapo. Sura ya Nuh katika Qurani, aya ya 23, inataja miungu ya watu wa Nuhu: Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alieleza kuwa hayo ni majina ya watu wema; walipofariki, jamaa zao walisimamisha sanamu kwenye vikao vyao. Hazikuabudiwa siku hiyo. Waliozisimamisha walipokwisha na elimu ikasahaulika, ndipo ibada ikaanza. Babu mwombee dua, mtolee sadaka. Picha yake itie ndani ya albamu.

Mapazia ya mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, huja na tausi, farasi, hata simba. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alitundika pazia lenye picha za viumbe, Mtume (s.a.w.) alipoliona uso wake ulibadilika, akalirarua. Kitambaa hakikupotea, kilifanywa mito. Nawe pitisha mkasi kwenye kichwa cha tausi, kisha shona foronya au kitambaa cha kupangusia miguu, kwani kinachokaliwa na kukanyagwa hakitukuzwi. Kosa la kawaida ni kushona mstari mmoja tu shingoni. Wanazuoni wa Kihanafi, mojawapo ya madhehebu ya fiqhi, waliukataa, wakisema wapo ndege walioumbwa na duara shingoni. Fumia uzi kichwa kizima mpaka kisitambulike. Miti, maua na milima havina neno.

Kinyago cha mawe ya Kisii chenye umbo la mtu au mnyama kina hukumu kali zaidi. Malaika Jibril alimwagiza Mtume sanamu ikatwe kichwa ibaki kama mti. Picha za kamera wanazuoni wamekhitilafiana, ila ya kitambulisho inaruhusiwa kwa dharura.

Mswala wenye picha ya Kaaba hauna kiumbe mwenye roho, lakini tazama nakshi zake. Mtume aliswali na shuka yenye mapambo, yakamshughulisha, akairudisha kwa sahaba Abu Jahm na kuomba nyingine isiyo na nakshi. Nunua wa rangi moja.

Linalohitaji busara zaidi ni nyumba ya wazazi Wakristo, na huku Magharibi mwa Kenya tuko wengi wenye wazazi hao. Ukuta wa kaskazini una picha ya Bikira Maria. Usiishushe, usiigeuze, wala usiseme neno la kuidharau: Sura ya Al-An'am, aya ya 108, inakataza kuwatukana wanaoombwa na wengine. Ingia chumba kingine. Ibn Abbas mwenyewe aliswali makanisani, isipokuwa yale yenye sanamu. Kama chumba ni kimoja, sema, "Mama, naomba niifunike kwa leso niswali," na ukimaliza ifunue mwenyewe kabla hajaja kuifunua yeye. Akikataa, tandika mswala uani, mradi pawe safi.