Nilivyoacha kusajili watu kwa mkono

Kwa karibu miaka miwili, kila aliyetaka kuingia kwenye tovuti yetu ya kubadilishana maswali ya mitihani alipitia kwangu. Ananitumia jina na barua pepe, nami nafungua hifadhidata, naongeza mstari, namtungia nenosiri, namrudishia. Wakiwa watu thelathini kazi hiyo inabebeka. Walipopita mia tatu, simu yangu haikulala. Lakini uchovu haukuniuma kama jambo moja: nilikuwa nayajua manenosiri ya watu, na wengi wao hawakuyabadilisha kamwe.

Nilipoomba ushauri niliambiwa ni kazi ya nusu saa: weka fomu, ingiza kwenye jedwali, umemaliza. Ushauri huo umenikera mpaka leo. Fomu ni nusu saa, kweli. Yaliyobaki yalikula jioni kama tano, na hela niliyotoa ni ya huduma ya kutuma barua pepe tu, kiasi kidogo kwa mwezi.

Jioni ya kwanza ilipotelea kwenye safu moja ya jedwali. Mfumo wa zamani ulihifadhi manenosiri kwa MD5, njia ya kale ya kugeuza nenosiri kuwa hashi (msururu wa herufi unaohifadhiwa badala ya nenosiri lenyewe), ambayo siku hizi haifai kabisa kwa kazi hiyo, maana kompyuta ya kawaida inabahatisha mamilioni kwa sekunde. Nikahamia password_hash, amri ya kutengeneza hashi iliyomo kwenye PHP, lugha iliyoandikiwa tovuti yetu. Nikajisajili, ikakubali. Nikajaribu kuingia: nenosiri si sahihi. Nikabadilisha nenosiri, nikabadilisha kivinjari, nikausoma msimbo mstari kwa mstari, wapi! Mwishowe nikachapisha kwenye skrini hashi iliyotengenezwa, na chini yake ile iliyohifadhiwa. Zilianza sawasawa, $2y$ na kuendelea, kisha ya pili ikakatika katikati. Nikahesabu: herufi 32. MD5 huwa na herufi 32 na safu ilipimwa kwa ajili yake; hashi ya bcrypt, njia inayotumiwa na password_hash, ina 60. MySQL, programu ya hifadhidata yetu, haikuwa kwenye hali ya ukali (ile inayokataa data isiyotosha kwenye safu), kwa hiyo ilikata na kunyamaza. Nikaipanua safu hadi 255, ikakubali papo hapo. Manenosiri yote ya zamani nikayafuta na kila mwanachama akatumiwa kiungo cha kujiwekea lake.

Kuhusu nenosiri lenyewe, msikubali kusukumwa kudai herufi kubwa, namba na alama. NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017 ilishauri masharti hayo yaachwe, urefu ndio uzingatiwe. Mimi nimeweka angalau herufi kumi, basi. Kumbukeni tu kwamba bcrypt haisomi zaidi ya baiti 72, yaani herufi 72 za kawaida.

Sasa uthibitisho wa barua pepe, ambao ndio najivunia. Mtu akijisajili anatumiwa kiungo chenye tokeni, yaani msimbo wa siri wa bahati nasibu, herufi 64, inayodumu saa 24 na kutumika mara moja. Kwa wengi ilifanya kazi. Kukawa na kundi moja, wote wanaotumia barua pepe za kazini, lililolalamika vilevile: "Kiungo kinasema kimeshatumika, na mimi ndiyo kwanza nakifungua." Nikashauriwa niwaambie watumie barua pepe nyingine. Nilikataa, kwa sababu hawakuwa na kosa.

Nikazisoma kumbukumbu za seva. Kiungo cha mmoja wao kilifunguliwa sekunde nne baada ya barua kutumwa, kutoka anwani ya mtandao isiyo yake, bila kupakua picha hata moja ya ukurasa. Binadamu hafungui hivyo. Kilikuwa kichujio cha usalama cha barua zao: kinafungua kila kiungo kukikagua kabla mwenyewe hajakiona, na tokeni yangu inaishia hapo. Dawa ikawa ndogo mno. Kiungo sasa kinaonyesha ukurasa wenye kitufe, "Thibitisha akaunti yangu", na tokeni hutumika kitufe kikibonyezwa, kwa ombi la POST (lile la kutuma fomu). Ombi la GET, lile la kufungua ukurasa tu, lisibadilishe kitu. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani, sasa nimelielewa. Lalamiko lile halijarudi.

Mtu akibofya mara mbili haraka, maombi mawili hufika pamoja, na kukagua kwanza kama barua pepe ipo hakusaidii, maana yote mawili hukuta haipo. Wekeni sharti la upekee kwenye safu yenyewe, ili hifadhidata ikatae barua pepe ileile mara ya pili. Jibu la fomu nalo liwe lilelile, barua pepe iwe mpya au imeshasajiliwa; mwenye akaunti ajulishwe kwenye sanduku lake, wengine wasitumie fomu kupeleleza nani ni mwanachama.

Boti, yaani programu zinazojaza fomu zenyewe, zilifika siku ya pili, na majina ya herufi za ovyo. Niliweka uga mmoja uliofichwa, wenye maelezo "usijaze hapa" kwa wanaotumia programu za kusomewa skrini. Boti nyingi hujaza kila kitu. Uga ule ukiwa na neno, ombi linatupwa kimya.

Asubuhi moja nilifungua jedwali nikakuta mstari ambao sikuuandika mimi. Alijisajili saa nane usiku, akathibitisha dakika mbili baadaye, na tayari alikuwa amepakia maswali ya mtihani wake. Nenosiri lake silijui.