Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani wa Ngamiani

Mimi ni fundi cherehani. Baraza ninayoshonea iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, na nyumbani ni Makorora. Nina mume, watoto, mama mkwe ninayeishi naye, na msichana mmoja anayejifunza kazi kwangu. Nimechagua kuwaandikia siku ya kazi ya Januari kwa sababu ndiyo siku yangu nzito: shule zinakaribia kufunguliwa, kila mzazi anataka sare, na kaskazi imeleta joto lake. Mambo yanayonisaidia siku kama hii hunisaidia mwaka mzima.

Siku naipanga kwa jua na mwili wangu. Kinachotaka akili na macho nakiweka asubuhi, kinachotaka mikono tu nakiweka mchana, na simu ina zamu yake kama kazi nyingine.

Saa 11 alfajiri

Adhana inanikuta macho au karibu na kuamka. Kabla ya chochote nakunywa maji glasi moja kubwa. Pwani hii mtu anatoka jasho usiku kucha bila kujua, hasa feni ikizimika, na kichwa kinachouma saa nne asubuhi mara nyingi ni maji tu kimekosa. Simu haipo chumbani, imelala sebuleni kwenye kabati. Nikishaswali nina nusu saa ambayo hakuna anayeniita, na nusu saa hiyo siigawi kwa mtu.

Naitumia kunyoosha mgongo. Nasimama, naweka mikono kiunoni, najikunja nyuma taratibu, kisha nashusha mabega na kuyazungusha. Fundi anainama siku nzima, kwa hiyo mwili unahitaji kukunjwa upande wa pili. Mwanafunzi wangu ni kijana na ameshaanza kulalamika shingo, nami nimemwambia asisubiri umri wangu.

Siku ya jua kali kama hii nafungua makabati yote ya nguo yaachwe wazi mpaka saa mbili, na magodoro tunayapa zamu ya kuanikwa. Unyevu wa Tanga hupandisha ukungu kwenye nguo nzuri zilizofungiwa, hata ukitia dawa ya nondo. Hewa ndiyo dawa yake. Nguo ya sherehe ikivaliwa mara moja, ianikwe kivulini kwanza ikauke jasho ndipo irudi kabatini.

Saa 12 asubuhi

Kifungua kinywa ni mihogo ya kuchemsha yenye tui, au vitumbua vya jirani, na chai ya tangawizi. Lakini binti yangu mkubwa chai haimhusu wakati wa kula. Aliwahi kuambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu, na muuguzi akatueleza jambo ambalo ningependa kila nyumba ilijue: chai na kahawa huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Chai inywewe saa moja hivi baada ya chakula, si pamoja nacho. Ndimu hufanya kinyume chake, husaidia kufyonza. Kwa hiyo kwetu mchicha na maharage hukamuliwa ndimu mezani, na chai ina wakati wake peke yake.

Mume wangu anajaza mapipa ya maji na kuyafunika. Kufunika si kwa ajili ya uchafu tu. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, tena huyu anauma mchana. Mwaka 2019 homa hiyo iliwatesa watu wa Dar es Salaam na wa hapa Tanga. Kila wiki, pipa likiisha, tunalisugua pembeni kwa brashi kwa sababu mayai hunata ukutani mwa chombo. Vifuu vya nazi na matairi uani hatuachi.

Saa 1 na nusu

Nakwenda kazini kwa baiskeli, kama watu wengi wa mji huu tambarare. Nafika kabla jua halijashika. Msichana anafagia na kumwagia maji mbele ya baraza, mimi nashughulika na cherehani: nafuta vumbi la nyuzi chini ya kibao cha sindano, natia mafuta matone machache, nashona kitambaa chakavu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke. Sindano nabadilisha mapema. Sindano butu inavuta nyuzi na kuruka mishono, kisha fundi anahangaika na uzi wakati tatizo ni ncha.

Halafu nakata. Kukata ndiyo kazi ya asubuhi kuliko zote, kwa sababu ukishapitisha mkasi kitambaa hakirudi kilivyokuwa. Akili iko safi, mwanga ni mzuri, mtaa bado umetulia. Kitambaa cha pamba kimeshalowekwa jana na kukauka, maana pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na heri irudi ikiwa bado kipande kizima kuliko irudi ikiwa mwilini mwa mtoto. Sketi za marinda za bluu naziachia pindo pana chini, inchi mbili au zaidi, ili mama aje kulishusha mwakani bila kununua nyingine. Mwenye watoto watatu hili linamwokolea hela nyingi.

Meza ya kukatia iwe juu. Ikifika usawa wa kiuno au ikazidi kidogo, mgongo unabaki umenyooka. Yangu ilikuwa fupi, seremala akainyanyua kwa vipande vya mbao miguuni, na gharama yake ilikuwa ndogo sana kuliko dawa za kuchua. Wewe unayefanya kazi ya kompyuta ofisini hesabu ni ileile: nyanyua kioo hadi usawa wa macho, hata kwa kuweka vitabu chini yake, na miguu ikanyage sakafu sawasawa.

Saa 4

Tunasimama. Machungwa ya Muheza, au embe msimu huu, na maji. Macho nayapumzisha mara kwa mara tangu nilipokaa kwenye cherehani: kila dakika 20 natazama kitu kilicho mbali, mita sita au kuzidi, kwa sekunde 20. Mimi natazama mwembe ulio ng'ambo ya barabara. Macho ya mtu anayetazama karibu muda mrefu pia husahau kupepesa, yakakauka na kuwasha, hivyo napepesa kwa makusudi. Nguo nyeusi na bluu ya giza sishoni jioni kabisa. Nimezipangia saa hizi.

Saa 5

Hii ni zamu ya wateja na simu. Ujumbe wote nausoma sasa, na tena saa 10 jioni. Wateja wangu wanajua, nimewaandikia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na hakuna aliyenihama kwa sababu hiyo.

Leo amekuja mama mmoja na kitenge cha harusi ya mwanawe.

"Assalaam aleikum, fundi. Gauni la kitenge hiki nalitaka kesho kutwa."

"Waaleikum salaam, mama. Karibu ukae. Kesho kutwa sitaweza. Jumamosi saa tano utalikuta limeshapigwa pasi."

"Fundi, nitakuongeza hela."

"Nashukuru mama yangu. Lakini nikichukua, la mwenzio ndilo litakalochelewa, naye alitangulia. Harusi ni Jumapili, Jumamosi utakuwa nalo mkononi."

Akakubali, tena akacheka. Naamini sana katika hili: mwambie mtu siku ya kweli huku ukimpa sababu na heshima yake. Siku ninayoitaja naiweka siku mbili mbele ya ile ninayodhani nitamaliza, kwa ajili ya umeme kukatika, mtoto kuugua, msiba. Mafundi tunasemwa kwa ahadi, na ahadi huvunjika pale tunapojibu "kesho" ili mteja aondoke na furaha. Furaha ile haimfikishi hata kona.

Kianzio anachonipa kinaingia kwenye bahasha yake, na juu naandika jina la kazi. Hiyo ni hela ya uzi, zipu na bitana za nguo yake, bado si yangu. Hela ya nguo iliyokwishachukuliwa ndiyo yangu, na humo natoa ya mchezo wa upatu kumpa kijumbe anayekusanya, kisha ya nyumbani. Mwenye biashara ndogo akichanganya mifuko hii miwili atafanya kazi mwaka mzima na hatajua kama anapata au anakula mtaji.

Saa 7 mchana

Nimeshaswali adhuhuri. Chakula ni bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki, nimekuja nacho asubuhi kikiwa bado cha moto kwenye hotipoti. Kwa joto letu chakula kilichopikwa kisikae wazi muda mrefu. Kiwe cha moto kabisa au kiwe kwenye friji, katikati hapo ndipo vijidudu vinaposhamiri, na nazi huchacha upesi kuliko vingine.

Baada ya kula najilaza mkekani, dakika 20 hivi, saa ya simu ikiwa imetegwa. Zikizidi naamka mzito na usiku silali vizuri. Kuna waliosema huu ni uvivu. Waje washike pasi saa nane mchana wa kaskazi, watanielewa.

Saa 8 hadi saa 11

Mishono mirefu: kuunga mabega, kupiga marinda, overloki, vifungo. Kazi inayokwenda yenyewe, na redio inasema pembeni. Nashona za aina moja kwa mkupuo, mashati meupe yote kola kwanza, kisha mikono yote, kwa hiyo sibadilishi uzi kila mara. Msichana namwachia mapindo. Anapokosea simnyang'anyi, nampa kifumulio afumue mwenyewe nikiwa karibu. Kahawa ya mwisho nimeshaimaliza kabla ya saa tisa. Kahawa inakaa mwilini saa nyingi, hata ukiona umeizoea.

Kabla ya kufunga naandaa meza ya kesho: kitambaa cha kwanza kimekunjwa, vipimo juu yake, chaki na futi kando. Vipande vilivyobaki tunavichambua, vikubwa vya mifuko, vidogo vya kujazia mito.

Jioni

Napitia soko la Mgandini kununua mboga na nazi. Samaki nikimnunua namtazama macho yawe maangavu na yaliyojaa, matamvua yawe mekundu, na nyama nikiibonyeza irudi. Muuzaji mzuri hakasiriki ukibonyeza. Sehemu ya njia natembea nikisukuma baiskeli, kwa haraka kidogo mpaka pumzi ibadilike. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na mimi sina muda mwingine wa mazoezi ila huu wa njiani.

Nyumbani kazi zimegawanywa na hakuna anayesaidia mwenzake, kila mtu anafanya yake. Mume wangu anakuna nazi. Kijana wa kiume anaosha vyombo, tangu alipoweza kufikia karo. Binti anachambua mboga. Mama mkwe anasimamia chumvi, na tangu presha yake ilipopanda anaitia kidogo sana, anaongeza ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga. Mwanzoni sote tulinung'unika. Sasa nikila kwa watu naona chakula kina chumvi kama maji ya bahari.

Maharage ya kesho yanalowekwa usiku huu. Yakilala majini yanaiva upesi na gesi ya kupikia haiishi ovyo. Asubuhi maji yale yanamwagwa, na maharage yanachemka kwa nguvu dakika kumi au zaidi ndipo moto upunguzwe, kwa sababu yale mekundu yakiwa hayajaiva yana sumu inayoumiza tumbo.

Saa 3 usiku

Tunakaa barazani. Naloweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, nasugua visigino, kisha napaka mafuta ya nazi ngozi ikiwa bado na unyevu, ndipo yanapoushika. Vidole navikanda kimoja kimoja kuanzia shinani. Mama mkwe anapenda nimkande na vyake, na hapo ndipo tunapozungumza mambo yetu mimi na yeye, ya watoto na ya ukoo, bila haraka.

"Mwanangu, leo umechoka?"

"Nimechoka mama, ila si vibaya."

Hicho ndicho kipimo changu kila siku. Kuchoka kwa kazi huondoka kwa usingizi. Kuchoka kwa wasiwasi hakutoki kwa kulala, na nikiona uchovu wa namna hiyo nakaa na mume wangu tunatazama nini kipunguzwe.

Saa 4 tunashusha vyandarua vyenye dawa na kuvichomeka chini ya magodoro pande zote. Mwili wa mtu mzima unataka angalau saa saba za usingizi, mimi napata zangu, na hili silipunguzi hata Januari. Simu inarudi kabatini baada ya kuangalia uniti za umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Zimebaki chache, kwa hiyo naongeza usiku huu, kesho asubuhi kuna kaptula za kupiga pasi kabla mama zao hawajaja kuzichukua.