Madirisha mapya ya dola 18,000: hesabu tuliyoipiga kabla ya kutia saini

Nyumba yetu iko Brooklyn Center, Minnesota. Ilijengwa 1956 na ina madirisha 12 ya mbao. Tisa yalikuwa na kioo kimoja ndani na kingine nje, kile chenye fremu ya alumini kinachopachikwa kukinga baridi. Matatu hayakuwa na kioo cha nje kabisa. Kampuni moja ya madirisha ilimtuma muuzaji wake nyumbani, akapima, akaketi sebuleni na kututajia dola 18,000 kwa yote. Tukitia saini usiku uleule, alisema, tutapunguziwa, na bili ya gesi inayopasha nyumba joto itashuka karibu nusu. Mume wangu alimjibu kwa upole, "Tuachie hiyo karatasi tuisome." Hakufurahi, lakini aliiacha.

Naandika haya kwa sababu Waswahili wengi huku wananunua nyumba za umri kama wetu, na karatasi kama ile inawafikia wote. Sisi tuliokulia Mombasa tumezoea dirisha la kuingiza upepo. Hakuna aliyetufundisha kulipima dirisha kwa joto linalolipoteza.

Baridi ya huku haina mzaha. Januari 30, 2019, Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi wakati wa baridi, alichagua kochi lililo chini ya dirisha la sebuleni, na haukupita muda akajifunga leso ya pili miguuni. "Mwanangu, hapa panaingia upepo. Pazibeni." Nikawasha kijiti cha udi nikakishika mbele ya kioo. Moshi haukusukumwa ndani kama nilivyotarajia. Uliteremka. Ulikifuata kioo hadi chini, ukapita juu ya ubao wa dirisha, ukamwagikia kochi alipokuwa amekaa. Hewa ya chumba ikigusa kioo baridi inapoa, inakuwa nzito, inashuka, na mtu aliye chini yake anahisi upepo ingawa hakuna kilichopenya. Kisha nikakisogeza kijiti pembeni, pale fremu inapokutana na ukuta, na hapo moshi ulikatika ukapeperukia chumbani. Huo ndio upepo wa kweli, umetoka nje.

Kwa hiyo dirisha moja lilikuwa na matatizo mawili, na dawa zake ni tofauti kabisa. Ufa unazibwa kwa silikoni na utepe wa sponji, vitu vya dola chache. Kioo baridi hakina dawa ila kuongezewa kioo. Nje ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na ndani kuna joto la kawaida, uso wa ndani wa kioo kimoja huwa kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Kwenye vioo viwili huwa kama 7 juu ya sifuri. Vioo viwili vya kisasa, vilivyojazwa gesi ya agoni katikati na kupakwa utando mwembamba usioonekana, mara nyingi wa madini ya fedha, unaorudisha joto chumbani, hukaribia 14. Kwa mtu anayeketi karibu na dirisha, tofauti hiyo ni kubwa. Muuzaji hakutudanganya kuhusu ubora wa madirisha yake. Swali letu lilikuwa bei.

Kila dirisha jipya huku lina karatasi iliyobandikwa kiooni yenye vipimo vya shirika liitwalo National Fenestration Rating Council. Kipimo cha kwanza kutazama ni U: kiasi cha joto, kwa kipimo kiitwacho Btu, kinachopenya futi moja ya mraba kwa saa moja, kwa kila nyuzi moja ya Farenhaiti ya tofauti kati ya ndani na nje. Kikiwa kidogo ni bora. Kioo kimoja peke yake ni kama 1.0. Kioo kimoja pamoja na kile cha nje, kama 0.5. Madirisha tuliyoletewa yalikuwa 0.28.

Sasa hesabu. Ukitaka kujua baridi ya mahali kwa mwaka mzima, unajumlisha jinsi kila siku ilivyopungukiwa chini ya nyuzi 65 za Farenhaiti. Kwa Minneapolis jumla hiyo ni takriban 7,500. Zidisha kwa saa 24 upate 180,000. Dirisha letu la kawaida ni futi 3 kwa 4, yaani futi 12 za mraba. Yale tisa yenye kioo cha nje ni futi 108, na kushuka kutoka 0.5 hadi 0.28 ni 0.22. 108 mara 0.22 mara 180,000 ni kama Btu milioni 4.3. Yale matatu ni futi 36, na kutoka 1.0 hadi 0.28 ni 0.72, hivyo Btu milioni 4.7. Jumla ni milioni 9. Themu moja, kipimo kinachoandikwa kwenye bili ya gesi, ni Btu 100,000, na mashine yetu ya kupasha joto inatumia vizuri asilimia 90 ya gesi inayoichoma. Inakuja themu 100 kwa mwaka. Kwenye bili yetu, pamoja na ada na kodi, themu ilikuwa inakaribia dola moja.

Dola 100 kwa mwaka, kwa madirisha ya dola 18,000. Miaka 180. Mume wangu aliirudia hesabu upya kwa kalamu yake, ikatoka vilevile. Hata ungesema madirisha mapya yataziba nyufa zote na kuokoa mara tatu ya hapo, bado ni miaka 60, na hakuna aliyetuahidi kwamba yatadumu muda huo.

Tukaita mkaguzi wa nishati. Alifunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, akaiwasha ivute hewa kutoka ndani, akatuambia tuzunguke nyumba na viganja vyetu. Nilisikia baridi ikitoka kwenye soketi ya umeme ukutani, kwenye pembe za sakafu ya chini mahali mbao zinapokalia msingi, na zaidi ya kote kwenye kile kifuniko cha kupandia darini. Alieleza kwamba hewa ya joto hupanda, hutokea darini, na inapotoka hunyonya hewa baridi iingie chini. Huko darini tulikuwa na inchi 6 za kihami (kitu cha kuzuia joto lisitoke) cha zamani kilichokwisha kulala. Kwa Minnesota dari hutakiwa kufika R-49 (R ni kipimo cha uwezo wa kihami kuzuia joto), ambayo kwa nyuzi za magazeti yaliyosagwa ni kama inchi 14. Ndiyo maana theluji ya paa letu ilikuwa inayeyuka kabla ya majirani na kuganda tena ukingoni.

Tukaanzia juu. Nyufa za darini zikazibwa, magazeti yaliyosagwa yakapulizwa hadi kimo chake, kwa dola 2,500 hivi. Yale madirisha matatu yakapata vioo vya nje, dola 540 kwa yote, na hayo peke yake yanaokoa kama themu 36 kwa mwaka, zaidi ya theluthi ya ile faida yote ya madirisha mapya. Fremu tulizibandika utepe wenyewe. Dirisha la sebuleni tuliliwekea ndani ile nailoni inayobandikwa kwa gundi ya pande mbili na kukazwa kwa draya ya nywele hadi isionekane. Mama mkwe aliliona kochi lake limekuwa mahali pa kukalia tena. Theluji ya paa majira yaliyofuata ilikaa.

Madirisha mawili tuliyabadilisha kabisa, na hapa hesabu ya gesi haikuhusika. Ni ya chumba cha mtoto. Rangi za nyumba huku zilipigwa marufuku kuwa na madini ya risasi 1978, na nyumba yetu ni ya kabla ya hapo. Dirisha la mbao la kusukuma juu na chini husagana kila linapofunguliwa, na rangi inageuka vumbi pale mtoto anapoweka mikono. Tulipima rangi ile, ikakutwa na risasi. Hapo sikutaka kujua italipa baada ya miaka mingapi. Ila hakikisheni fundi ana cheti cha kufanya kazi kwenye rangi ya risasi, kwa sababu kung'oa dirisha ovyo kunamwaga sumu kuliko kuliacha.

Muuzaji alikuwa ametuharakisha pia kwa punguzo la kodi la serikali kuu: asilimia 30 ya bei ya madirisha, lakini isizidi dola 600. Kwa bei ile ni sehemu ndogo sana. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ilifuta punguzo hilo kwa kazi zinazokamilika baada ya Desemba 31, 2025, kwa hiyo anayewatajia leo mwambieni awaonyeshe maandishi.

Dada yangu yuko Muscat, na nilipomsimulia alitaka kufanya hesabu hiihii. Kwake haifai. Adui wake ni jua, na kwenye karatasi ya kioo atazame kipimo kingine, kile kinachoonyesha ni sehemu gani ya joto la jua inaingia. Kivuli cha nje kitamsaidia kuliko mengi.

Shemeji yangu wa Duluth ndiye aliyenionyesha mahali hesabu inapogeuka. Nyumba yake ina madirisha 10 ya kioo kimoja, hakuna hata kimoja cha nje, anapasha joto kwa umeme, na baridi ya kwao kando ya Ziwa Superior inazidi yetu kwa kama robo. Themu moja ya joto ni yuniti 29 za umeme, na yeye hulipa senti 14 kwa yuniti, yaani zaidi ya dola 4 kwa joto ninalolipata mimi kwa dola moja na kitu. Madirisha mapya yangemwokolea karibu dola 790 kwa mwaka. Hapo nilimwambia, "Shemeji, wewe una haki ya kumsikiliza muuzaji." Lakini tulipopiga hesabu ya vioo vya nje tu, vilitoka dola 550 kwa mwaka kwa gharama ya 1,800 hivi. Ameviagiza hivyo, na pesa iliyobaki anaitafutia mashine ya joto isiyokula umeme kiasi hicho.